Nilipunguza Bomba la Boila Kama Napunguza Gauni

Kosa ni langu. Si la boila, si la baridi ya Joburg, wala si la mzee wa watu niliyemsingizia mbele ya daktari. Naandika bila jina kwa sababu mtaani kwetu Malvern nikinunua mkate tu watu wanajua, sembuse hili!

Mimi ni Mtanzania, fundi cherehani. Mume wangu ni Msauzi. Tulikutana Morogoro alipokuwa uhamishoni, na nchi ilipokombolewa tukahamia kwao na binti yetu. Hapa nitamwita Neema. Wakati huo alikuwa na miaka kumi.

Nyumba tuliyopata ilikuwa na boila la chuma jikoni, la makaa ya mawe, linalopasha maji ya bafuni. Bomba lake la moshi lilikuwa limeoza kwa kutu. Majira ya baridi yalipoingia, likakatika.

Mume wangu alikuwa Durban kikazi. Kwenye simu akaniambia, "Ngoja Mkhulu aje apime. Usiguse kitu."

Mkhulu ni babu kwa Kizulu, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mzee wa nyumba ya mbele. Maisha yake yote alitunza maboila ya maghorofa ya mjini. Kama kuna mtu alijua moshi unapita wapi, ni yeye.

Lakini mimi kungoja siwezi! Nyuma ya nyumba kulikuwa na bomba zima la bati, lililobaki walipofunga mifereji ya paa. Nikatoa tepu yangu ya kushonea nikapima: inchi nne. Mdomo wa boila ulikuwa na inchi sita.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri. Gauni likiwa pana, nalipunguza kiuno, linakaa. Nikasema na bomba nalipunguza! Nikakata kopo la rangi, nikalifanya kiungo, upana wa sita chini, nne juu. Kazi safi, nikajisifu.

Roho ikanigusa kidogo, nikasema basi nimuulize mzee. Nikasimama kwenye uzio. Mkhulu alikuwa ng'ambo ya barabara anakata chuma kwa grainda, kelele mpaka meno yanauma. Nikanyoosha vidole vinne, nikapiga kelele, "Mkhulu! Bomba la four inch, kulungile?" Yaani, ni sawa?

Akanitazama, akainua kidole gumba cha mkono wa kulia.

Joburg nzima kidole gumba maana yake ni sawa, poa, twende! Nikajibu, "Sharp, Mkhulu!" nikageuka. Midomo yake ilikuwa bado inasema. Niliiona, wallahi niliiona, na sikungoja.

Nikapanda paa mwenyewe nikafunga bomba langu.

Kuanzia siku ya pili kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni baridi. Neema naye akalalamika kila asubuhi kabla ya shule, na akirudi jioni ananiambia, "Mama, shuleni kilipona." Nikamwambia asinitanie, anakwepa hesabu. Mtoto alikuwa ananieleza ugonjwa wote na mimi namgombeza! Boila lenyewe lilikuwa linatema moshi kidogo mlangoni kila nikilifungua. Nikaziba madirisha kwa blanketi ili joto lisitoke.

Jumapili asubuhi tukajiandaa kwenda kanisani. Nikajaza makaa tele maji yawe moto. Neema akaingia kuoga, anaimba. Mimi nikatoka uani kuanua nguo zilizoganda kwa umande, nikapiga soga na jirani. Niliporudi jikoni nikasikia kimya.

"Neema!"

Kimya.

"Neema, usinifanyie mchezo!"

Mlango wa bafuni, unaofungukia jikoni, ulikuwa na komeo kwa ndani. Nikachukua mchi wa kinu, nikapiga, nikapiga, mpaka ubao ukapasuka. Mwanangu alikuwa ameegemea ukingo wa beseni la kuogea, macho nusu wazi, maji yanamgusa kidevu. Vidole vichache zaidi na yangemfika puani! Nilimvuta nikaanguka naye. Kichwa kilikuwa kinanizunguka, nikaogopa kwamba tutakufa wote wawili pale sakafuni na makaa yanaendelea kuwaka.

Mkhulu alisikia kishindo cha mlango. Sijui mzee wa umri ule alivukaje uzio. Alimfunika Neema kwa koti lake, akambeba nje, akanikokota na mimi kwa mkono mmoja, akamlaza mtoto kwa ubavu kwenye majani. "Pumua, ntombazane! Pumua, binti!" Nikamwona Neema akikohoa, mara moja. Sikuwahi kuombea kikohozi maishani mwangu kabla ya siku ile!

Hospitali wakamwekea hewa ya oksijeni. Daktari akaniuliza bomba la boila lina upana gani na nani alilifunga. Nikaogopa. Niliogopa mume wangu, niliogopa polisi, niliogopa jibu lenyewe. Nikanyoosha kidole kwa yule mzee aliyesimama pembeni bila koti. "Huyu ndiye aliyeniambia inchi nne ni sawa."

Mkhulu hakugomba. Aliinua mikono miwili akaanza kuhesabu mbele yangu, kidole kidogo cha kushoto ndiyo moja, mpaka mkono ule ukaisha kwenye tano. Kisha akainua gumba la kulia.

"Isithupha," akasema. "Sita, Mama. Nilikwambia sita."

Wazulu wa zamani huhesabu hivyo. Neno lao la sita ndilo hilo hilo jina la kidole gumba. Na mimi nilikuwa najidai Kizulu nakijua kwa sababu tatu yao inafanana na yetu!

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali. Akaniinua. "Siku nyingine uje mpaka getini," akasema, basi.

Neema alipona, lakini mwaka ule alirudia darasa. Alikuwa anasoma ukurasa anausahau hapo hapo. Hilo nalibeba mimi.

Sasa ana miaka kumi na saba. Akioga namlazimisha aimbe. Akinyamaza nabisha mlango. "Mama, niko hai!" ananijibu kwa hasira. Wiki jana alichelewa kujibu, nikavunja kitasa. Alikuwa na povu masikioni. Alinigombeza vibaya sana, na mimi nikakaa chini nalia, nasikia raha kugombezwa.

Jamani, bomba la moshi halipunguzwi! Mdomo wa boila ukiwa sita, bomba ni sita mpaka juu ya paa. Hewa ya sumu ya makaa ikikosa njia ya kutoka hurudi ndani, na haina harufu, haikupigii hodi. Mtoto akikwambia kichwa kinauma nyumbani na shuleni kinapona, mwamini, zima moto, mtoe nje, umwite fundi, na umngoje amalize kusema.

Mkitaka kunicheka, nichekeni. Ila kwanza fungueni dirisha.