Majivu Yangu ya Mwezini

Usiku wa manane nilisikia kijiko kikikwangua jiko langu la mkaa pale barazani. Nikachungulia dirishani: mpangaji wa chumba cha pili, injinia wa umeme, anachota majivu yangu na kuyatia kwenye kopo! Nikamkumbatia mwanangu wa miezi minne, sikulala tena, maana nani asiyejua majivu ya jiko la mtu huchukuliwa kwa kazi gani ya uchawi?

Kulipokucha nikampigia hodi, mtoto mgongoni. "Kaka, mwanangu amekukosea nini?"

Akatoa kibati chenye nyaya, akakimwagia majivu, akabonyeza swichi. Majivu yote yakaruka, kibati kikabaki kinang'aa! Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Siku watu wakiishi mwezini, vumbi litagandia sola zao," akasema. "Nabuni mtambo wa kulifukuza kwa umeme. Majivu yako ni laini kama vumbi lenyewe."

"Sasa si ungeomba?"

"Dada, ningekuambia nataka majivu ya mambo ya mwezini, ungenipa?"

Nikacheka mpaka mtoto akaamka. "Ningekimbilia Tengeru kwa mama!"

Siku hizi namchekechea majivu mwenyewe. Aliomba kitu kimoja tu: bibi mwenye nyumba asijue, asije akaleta jumuiya nzima ya kanisa kumwombea. Nikaahidi. Basi wasomaji wangu, nimewaambia ninyi tu, na naapa simwambii mtu mwingine.