Fundi Aliyetafuta Kijivu cha Mama Yake

Wasomaji wangu, fundi wangu wa rangi amekufa. Jina lake silitaji, maana hata akiwa hai hakupenda kuandikwa. Alisema jina likikaa ukutani, kesho yake kuna mtu anakuja na brashi kulifuta. Ni yule muzee wa Kanombe niliyewahi kuwatania habari zake hapa, mwenye kofia yenye rangi nyingi kuliko duka letu. Simu ilinikuta Jumamosi asubuhi dukani Muhima, nimesimama kwenye mashine ya kuchanganya rangi, natengeneza ndoo ya kumi ya krimu. Aliyepiga alisema maneno machache tu: "Muzee ametuacha. Ni kifua. Uje." Nikazima mashine, nikamwambia bosi narudi mchana, nikavaa shati jeusi la shemeji yangu ambalo mikono yake inaishia kwenye kiwiko, nikapanda pikipiki mpaka Kanombe kumlilia.

Na nililia kweli, ila nyumba haikuwa yake. Barabara yao yote, kushoto na kulia, mageti ni kijivu na kuta ni krimu, nyumba zimefanana kama mikate iliyotoka tanuri moja. Nikaona geti liko wazi, viti vimepangwa uani, watu wa makoti wamekaa kimya wanaangalia chini. Nikaingia, nikapewa soda, nikakaa, nikafuta macho, nikashusha pumzi ndefu. Nikamwambia baba aliyekuwa pembeni yangu, "Alikuwa mtu mzuri sana." Akanigeukia polepole. "Alikuwa?" "Eh, baba. Mungu ampokee." "Wewe kijana, bwana harusi iko njiani anakuja. Amekufa saa ngapi?" Kumbe ni watu wa mahari, wanasubiri upande wa mwanaume, na ule ukimya ni wa adabu! Nikawa natafuta mahali pa kuficha uso, ndipo nikawaona mafundi wawili wa rangi, rafiki zake marehemu, wamekaa safu ya mbele na vidole vyao vya madoa. Mmoja akaninong'oneza bila kugeuka: "Kaa, usituharibie. Sisi tumejua zamani. Tunamalizia soda."

Ningecheka mpaka leo, ila aliyetupoteza ni marehemu mwenyewe. Barabara ile aliipaka yeye, geti kwa geti. Na rangi ile aliichagua yeye kwa mdomo wake. Hapo ndipo stori yake yote ilipo, na naomba mnivumilie niizunguke kidogo.

Mara ya kwanza aliingia dukani ameshika kipande cha plasta kimefungwa kwenye gazeti, kama mtu aliyeleta jino lake. Alitaka rangi ile ile. Mimi kwa maringo nikakiweka chini ya jicho la mashine. Mashine ikafikiri, ikatoa namba, ikamimina rangi. Muzee akachovya kidole gumba, akajipaka mgongo wa mkono, akapuliza ikauke, akaweka plasta pembeni. "Hii ni binamu yake," akasema. "Mimi nimeomba mwenyewe." Nikamwambia, "Muzee, mashine hii imetoka Ulaya." "Ndiyo maana haijui. Haijawahi kuona ukuta uliokula vumbi letu. Leta nyeusi kidogo, na ile nyekundu ya tofali. Kidogo, kijana! Sijasema tunapika chai." Akakoroga kwa kijiti, akajipaka tena, akapuliza, na nawaambia plasta ile ikamezwa mkononi mwake, usingejua imeanzia wapi na imeishia wapi.  Tangu hapo tukawa tunajuana, watu wa kaunta tu, hatukuwa wa kutembeleana. Nyumbani kwake nilikuwa nimefika mara moja, kumpelekea ndoo aliyosahau, na wakati huo geti lake lilikuwa rangi ya chungwa. Unaliona toka kwenye kona, huulizi mtu.

Yeye ndiye alinifundisha kuangalia miji. Alikulia Uganda, brashi akaishika Kampala, na kule alisema ukuta ni wa anayeuza: njano ya simu, nyekundu ya soda, bluu ya sabuni. Ukipotea unaambiwa shuka pale penye sabuni. Goma alipaka hoteli, na kule rangi ilichaguliwa na mlima wa volkano, mawe meusi, uzio mweusi, vumbi jeusi, halafu wanawake wanavaa vitenge vinavyopiga kelele ili mtu aonekane. Nikamuuliza, "Na Kigali?" "Kigali iko kama mtu amevaa kwenda ofisini." Na ni kweli. Krimu, kahawia, kijivu, mapaa ya rangi ya tofali, majani yamekatwa sawasawa. Mimi sina ugomvi na hiyo. Mji ukivaa vizuri hata mimi natembea nimenyooka. Mgeni akishuka kwenye ndege, kabla hajasoma kibao chochote, ameshajua amefika kwa watu wa namna gani, maana rangi imemwambia. Ila shati la ofisi lina kola, na kola ukiivaa siku nzima unaisikia shingoni. Mimi niko ndani ya kola hiyo kila siku. Mashine yangu ina rangi nyingi kuliko majina yake, na watu wanaomba tatu. Zile nyingine zimekaa kwenye makopo zinaniangalia kama abiria waliokosa gari.

Basi, Jumamosi moja baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, watu wa barabara yake walikaa kikao. Mkuu wa mudugudu wao, yaani wa mtaa wao, ni mtu mwema, mtaratibu, hata gazeti akimaliza kulisoma analikunja kama jipya. Akasema ndege zinapita juu yetu, wageni wanapita mbele yetu, na barabara yetu iko kama mitumba iliyomwagwa chini, kila geti na rangi yake. Tuchague moja. Watu wakaanza kubishana, huyu kijani, huyu kahawia. Mkuu akamgeukia muzee: "Fundi, wewe ndiye mjuzi. Rangi gani haionyeshi uchafu?" Na yeye akajibu kama fundi. "Kijivu. Mageti yote kijivu, kuta krimu. Mnapaka upande wa barabara, mnatulia." Watu wakapiga makofi, na kazi yote akapewa yeye. Alinisimulia pale kaunta ameinua kidevu. Nikamwambia, "Muzee, sasa wewe ni waziri wa kijivu." Akacheka mpaka akakohoa.

Aliulizwa vizuri mno, ndiyo maana akasahau. Nyumbani alikuwa na mama yake, na macho ya mama yalikuwa yanakwenda. Sura alikuwa haoni tena, ngazi haoni, lakini rangi kali alikuwa bado anaiona kwa mbali kama doa. Kila asubuhi alikwenda kanisani peke yake na fimbo yake, akarudi peke yake, anatafuta doa la chungwa. Doa hilo ndilo lilikuwa nyumbani. Mwanaye alilipaka geti rangi ile kwa sababu yake, na kila ilipofifia aliirudishia. Sasa kwa mkono ule ule akaligeuza kijivu, la mwisho kabisa katika barabara nzima, maana alikuwa ameshamaliza ya wenzake na watu wanamwangalia. Siku ya pili mama aliingia kwa jirani, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha watu, akaagiza maji. Siku ya tatu aliingia kwingine, mbwa akamtoa. Siku ya nne hakutoka.

"Anasema amechoka kanisa," muzee aliniambia, ameegemea kaunta. "Mama yangu! Achoke kanisa!"

Alikwenda kwa mkuu. Mkuu alisikitika, tena kwa kweli. "Fundi, nikikuruhusu wewe, kesho mwingine ataniambia bibi yake anapenda zambarau. Halafu rangi si ulichagua wewe?" Sasa hapo mtu anajibu nini? Muzee alirudi nyumbani. Ndipo akaanza kuja dukani kila wiki na ombi moja. "Kijana, nitengenezee kijivu ambacho mama anakiona na mkuu hakioni." "Muzee, hiyo haiuzwi Muhima. Labda mbinguni." "Punguza mdomo, washa mashine." Tukatia chungwa tone moja ndani ya kijivu. Wiki nyingine matone matatu. Wiki nyingine kijiko. Anakwenda anapaka geti, anamsimamisha mama ng'ambo ya barabara. "Mama, unaona nini?" "Nakusikia wewe unapiga kelele." "Geti, mama." "Geti gani?" Tukaongeza tena, mama akasema sasa anaona kitu kama mvua inataka kunyesha. Siku hiyo hiyo mkuu alipita, akasimama, akalaza kichwa upande. "Fundi, hii kijivu yako iko na homa?" Muzee akaifuta akapaka upya. Yule mtu aliyeweza kuificha rangi moja ndani ya nyingine mpaka mashine ya Ulaya ikaona aibu, sasa alitakiwa aifiche kwa jicho moja na kuionyesha kwa jingine, na ikamshinda. Kila alichokiona mama, mkuu alikiona kwanza.

Mimi nilimtania mpaka mwisho, ndiyo tabia yangu na ndiyo inayoniuma. Siku ya mwisho nilimwambia, "Muzee, acha geti, mpake mkuu machoni." Hakucheka. Akasema, "Nimemfungia mama yangu ndani, kijana, na watu wamenipigia makofi." Akabeba ndoo yake akatoka, anakohoa. Sikumwona tena.

Sasa turudi Jumamosi ile. Tulitoka nyumba ya mahari watu watatu, tumeaga vizuri, hata bwana harusi tumemwombea heri. Tukapanda barabara, kijivu, kijivu, kijivu, mpaka kwenye kona. Nikasimama. Mbele kulikuwa na chungwa. Lile lile, kubwa, linawaka ukutani kama siku niliyopeleka ndoo. Ilinichukua muda kuelewa. Kiwanja chao ni kidogo, kwa hiyo geti linafunguka kwa nje na kulala juu ya ukuta. Na kikao kilisema upande wa barabara, kwa hiyo upande wa ndani hakuwahi kuugusa. Nyumba ya msiba geti halifungwi, watu wanaingia na kutoka, na toka alfajiri chungwa la ndani lilikuwa limegeukia barabarani. Majuma yote yale anatafuta rangi dukani kwangu, na rangi ilikuwa mgongoni kwa geti lake. Wakati nimeduwaa hivyo, nikaona mama mmoja anatoka kanisani, peke yake, fimbo mkononi, hagusi ukuta wa mtu. Anakwenda moja kwa moja.

"Pole mama," nikasema. "Wewe nani?" "Mimi ni wa duka la rangi." "Ah. Yule wa mdomo." Akasimama, uso wake umeelekea geti. "Alisema anatafuta rangi. Ameipata kabla hajaenda."  Sikumwambia ni upande gani.

Siku ya kumaliza kilio nilikwenda tena. Viti vikarudishwa, watu wakaagana, na mtu akaniita kutoka ndani: "Kijana, wewe uko karibu, funga geti." Geti la Kigali halikai wazi, hata mimi mkono ulikwenda wenyewe. Nikalivuta. Lilipofika nusu nikatazama barabara kule chini, nikamwona mama kwenye kona anarudi kutoka kanisani. Alikuwa amesimama. Fimbo iko hewani, uso unageuka kushoto, unageuka kulia. Nikalirudisha geti ukutani haraka, nikaingia uani ambako marehemu aliacha ndoo zake za kijivu kilichoshindwa, saba zimepangwa, nikachukua iliyo nzito kuliko zote nikaliegemeza. Mkuu alikuwa anatoka. "Na hiyo ndoo?" "Ni rangi, mkuu. Ile yenye homa. Imekuja kupata hewa." Akaitazama ndoo, akalitazama geti. Fimbo ya mama ilikuwa imeshaanza kugonga lami tena, inakuja. "Upande wa barabara ni kijivu?" akauliza. "Ni kijivu, mkuu. Umelala tu."  Alivua kofia, akasogea pembeni, mama akapita katikati yetu akaingia kwake.

Ndoo iko pale hadi leo, kila asubuhi mpaka mama arudi, kisha geti linafungwa na barabara inakuwa kijivu tena mwisho hadi mwisho. Sidanganyi mtu kwamba tumeshinda. Ndoo si ruhusa, na siku mkuu mwingine akija ataisogeza kwa mguu. Mimi nimerudi kwenye kola yangu, kwenye krimu yangu ya kumi na moja. Mji uchague nguo yake, mimi nitachanganya. Ila mteja akiniuliza rangi gani haionyeshi uchafu, siku hizi simjibu upesi. Namuuliza kwanza nani kwao anarudi nyumbani kwa miguu, na anatafuta nini akifika kwenye kona.