Tulivyomwombea Msichana wa Hadithi

Mimi si mtu wa miungu. Mungu ninayemjua ni mmoja, na huyo mmoja ananitosha. Lakini Desemba ile mjukuu wangu wa kike alikuja kijijini kwangu, Bahati, na hadithi aliyokuwa akiiandika kwenye simu, ya msichana wa miaka kumi na mitano anayegombaniwa na miungu wawili wenye hila. Mmoja alikaa ndani ya shimo la volkano la Menengai, mwingine chini ya ziwa. Kila jioni alinisomea tukipukuchua mahindi, nami nikanaswa kabisa. Akinyamaza hata kidogo tu namkaripia.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka hiyohiyo. Mwanangu na mkewe walikuwa wameachana. Baba alibaki Njoro, mama akahamia Milimani, na kila mmoja alitaka mtoto akae kwake shule zikifunguliwa. Walivutana kwa simu mwezi mzima. Mimi nilinyamaza, nikijiambia ya wawili hayataki wa tatu.

Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama, tulipoulizwa mahitaji nilisimama nikasema kuna msichana anasumbuliwa na miungu, anavutwa huku na huku, tumkumbuke. Kwamba ni wa hadithi, hilo lilinitoka akilini. Machozi yalikuwa yananilengalenga, na wenzangu wakaguna kwa huruma.

Kwetu ukitajiwa mwenye shida huombi ukaenda zako, unamtembelea. Jumamosi akina mama wakajaa sebuleni na viazi, unga na mayai.

"Mtoto mwenyewe ako wapi?" mwenyekiti wetu akauliza.

Mjukuu wangu alikuwa akiwamiminia chai. Nikajikaza. "Huyo ni wa hadithi. Huyu ndiye anamwandika."

Mwenyekiti alikunywa chai kwanza. "Na vile tumefunga juu yake." Akamgeukia mjukuu wangu. "Hebu tuambie, mama, hao miungu wanamfanyia nini?"

Mtoto akaweka birika chini. Akaeleza kwamba wa Menengai alimpa koti lisiloshika moto, na wa ziwa kusikia hivyo akampa viatu vya kutembelea juu ya maji. "Lakini akienda kwa mmoja, anaulizwa yule mwingine anasema nini. Akinyamaza, wanakasirika. Akisema, wanapigana. So anabaki tu kuwabebea maneno."

Hakuna aliyecheka. Wengi wao walipika kwenye harusi ya mwanangu, na habari za nyumba ile walikuwa nazo. Mimi nilitazama koti jipya alilovaa, lililotoka Njoro, na viatu alivyoletewa na mamake. Mwenyekiti akamwekea mkono begani, wakaomba, wakaenda zao.

Tulipokuwa tukiosha vikombe akaniuliza, "Shosho, mlikuwa mnaomba aende kwa nani?"

"Tuliomba aulizwe."

Akaendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

"Basi mimi namuuliza," nikasema. "Anataka kukaa wapi?"

"Hapa." Hakuinua macho. "Lakini anaogopa wote wawili watalia."

"Watalia. Mimi ndiye nitawabembeleza."

Nikafuta mikono kwa kanga, nikamwomba simu yake, nikaanza kwa kumpigia mwanangu.