Muwa Niliyorudia kwa Mti

Nilipokuwa mtoto kule Kabuchai, shavu yangu ya kushoto ilifura mpaka watu wakawa wananiuliza kama nimeficha mandazi. Kukhu, nyanya yangu, akasema ni matumbwitumbwi, na dawa yake iko kwa mti. Akanifungia kuni kidogo, akaniwekea kwa kichwa.

"Zunguka mti, tupa kuni, kimbia. Ukiangalia nyuma, inakufuata nyumbani."

Nikazunguka, nikatupa, nikakimbia. Kumbe muwa niliyokuwa natafuna imebaki hapo chini ya mti, na ilikuwa ile tamu, bana. Nikaangalia nyuma. Si kuangalia tu, nilirudi nikaichukua.

"Hukuangalia?" Kukhu akauliza.

"Sikuangalia." Na muwa iko kwa mdomo.

Shavu ikapoa. Baada ya wiki kadhaa ikafura tena, upande ule ule. Ikapoa, ikarudi mara ya tatu. Mimi nikajua ni ile muwa. Nikajua nitakufa na shavu kama papai, na siwezi sema, si nilidanganya?

Sasa Kukhu mwenyewe ndiye alikataa mambo ya mti. "Matumbwitumbwi inatembelea mtu mara moja. Hii ni mgeni mwingine. Vaa viatu, twende hospitali Kitale."

Daktari alinidunga sindano hapo kwa shavu, akatoa maji ya kupima. Tuliporudi kwa majibu, akasema ni TB.

"TB si ya kifua?" Kukhu akauliza. "Huyu hata hakohoi."

"Mara chache inaingia kwa tezi ya mate, mama. Atameza dawa miezi sita, atapona."

Hapo nikaanza kulia. "Daktari, ni mimi. Niliangalia nyuma."

Kukhu akageuka pole pole. "Uliangalia nini?"

"Muwa."

Kukhu alicheka mpaka leso ikamwanguka. Daktari naye akasema, "Hata ungeangalia mpaka Uganda, TB haijui."

Ile miezi sita, kila asubuhi Kukhu alinipatia dawa kwa mkono moja, kipande ya muwa kwa ule mwingine.

Siku hizi watoto wetu wenye wamesoma wakicheka mti ya Kukhu, mimi nacheka kuwashinda. Lakini yeye alijua mahali mti yake inaishia, ndio maana niko hapa nawapigia kelele. Na ile muwa, niwaambie ukweli, ningeirudia tena.