Tulivyobana matumizi hapa Maisaka mpaka majirani wakatuletea rambirambi

Wakuu, habari za mihangaiko.

Naona humu kila siku watu wanaulizana namna ya kubana matumizi. Na mimi nina yangu. Ni kweli tupu, na asiyeamini aje Babati aulize mtaani kwetu Maisaka. Ataonyeshwa nyumba kabla hajamaliza swali.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu, Baba Glory, anatengeneza pikipiki. Sisi ni watu wa kuja, mimi Mnyiramba wa Singida, yeye wa Kondoa. Hapa Maisaka tumepanga, ila tulishapata kiwanja Nakwa na tukapandisha ukuta wa tofali mbichi.

Wanaozijua tofali mbichi wameshanielewa. Mvua ikizikuta hazina bati juu, zinarudi kuwa udongo, na hela yako ndiyo imeenda hivyo. Na mawingu yalishaanza kujazana kule mlima Kwaraa.

Mbao zilikuwepo saiti. Bati tulikuwa nazo, tumeziegesha koridoni, kila ukipita zinakugonga bega. Kilichobaki ni hela ya fundi wa kupaua tu.

Nikamwambia Baba Glory, "Kuanzia leo mimi ndiye waziri wa fedha wa nyumba hii." Akacheka. Hakujua kama namaanisha.

Nikaanza na mkaa. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi nayachemsha vizuri kama nusu saa, halafu naipua sufuria na mfuniko wake, naiviringisha blanketi kuukuu na kuitumbukiza kwenye tenga lililojaa vipande vya vitambaa. Mchana ukifunua, yameiva yenyewe huku wewe unashona. Jaribuni hii wakuu, mtanikumbuka.

Nyama ikahamia sikukuu. Mchicha na figiri nikapanda kwenye viroba uani, nikawa nanyweshea maji ya kusuuzia mboga. Sabuni ya mche nikaikata vipande, kila mtu na chake, ukimaliza chako utajua mwenyewe.

Bando nikakata. Redio tukazima ili umeme usogee. Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa status, nikimaliza gauni lazima nilirushe watu walione. Nikawa kimya.

Halafu maziwa. Kuna mama mmoja wa Kibarbaig, Mama Gidamis, ndiye anayetuletea maziwa tangu mwanangu Glory ananyonya. Nikamwambia, "Mama, usilete kwanza mpaka nikwambie."

Sababu sikumpa. Aibu, wakuu. Nilimwona ananitazama, nikajifanya natafuta sindano.

Na majirani nao nikaanza kuwakwepa. Maana ukisimama kusalimia unakaribishwa chai, na wewe kesho lazima ukaribishe, na sukari yangu nilikuwa naijua ilipoishia. Nikawa napita mbio kichwa chini.

Sasa njooni kwenye kichwa chenyewe.

Baba Glory alikuwa na kinyozi wake pale karibu na stendi. Nikasema kinyozi wa nini na mimi nina mkasi? Nikamkalisha kwenye kigoda. Upande mmoja ukatoka vizuri, wa pili ukakataa. Nikasawazisha, ukazidi. Ikabidi niende na wembe, nikafuta vyote.

Akajishika kichwa, akaniuliza, "Na wewe hizo rasta za saluni, waziri, zinalipiwa na nani?"

Swali lilinichoma. Na nina kiburi. Nikampa wembe, nikamwambia, "Nyoa!"

Wadada mnisamehe. Nilinyolewa nikang'aa kama sahani.

Najua mnaniuliza, kwani kwenu Singida hamnyoi msibani? Tunanyoa sana! Ila ukiwa unawaza bati, akili haina nafasi ya jambo lingine.

Jumamosi yake ndiyo nikajimaliza kabisa. Kunguni walikuwa wametuvamia, na dawa ya dukani nilishaifuta kwenye bajeti. Nikasema jua la Babati ni bure. Tukatoa kila kitu nje. Makochi, magodoro, mapazia, vyote uani. Mimi na kipara changu nimejifunga kitenge, nimekaa kwenye mkeka napumzika. Baba Glory na kipara chake ameshika tama, anawaza kunguni.

Mama Gidamis alikuwa anapeleka maziwa nyumba ya jirani. Akasimama barabarani. Akatutazama mimi, akamtazama mume wangu, akatazama yale makochi. Akaweka mikono kichwani, akageuka akashika njia ya sokoni.

Nikamwambia Baba Glory, "Huyu mama naye leo ana nini?"

Haikupita muda, wakaanza kuingia.

Akina mama wamefunga kanga kiunoni, wameleta sufuria kubwa, kuni, unga, maharage, sukari. Vijana wa mtaani wakaleta turubai wakaanza kulifunga kwenye mti. Baba mmoja mwenye duka la vifaa vya baiskeli akaja na sululu begani. Wanaingia, wananishika mkono kwa mikono miwili, wanakaa chini kimya. Mama Gidamis akaja akanikumbatia. Macho yake mekundu, shuka limelowa machozi.

Kwetu huku mtu haingii kwa mfiwa akaanza kuuliza maswali. Unakaa, unanyamaza naye, mambo yatasemwa kwa wakati wake. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza na mimi sikuelewa. Nilidhani labda msiba ni wa jirani, wameazima uwanja wetu kwa kuwa makochi yako nje tayari!

Nilielewa nilipoona beseni. Limewekwa mbele yangu, limefunikwa kitambaa cheupe, na kila anayeingia anatumbukiza noti.

Jasho likanitoka mpaka utosini, na utosi wenyewe hauna nywele za kulizuia.

Mzee Safari akasimama. Huyu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mtu mzima, taratibu, hajawahi kupandisha sauti. Akasema, "Ndugu zangu, kabla ya sala, tungeomba wafiwa watujulishe marehemu ni nani, na mazishi yatakuwa wapi."

Watu wote macho kwangu.

Wakuu, nisiwafiche. Nililitazama lile beseni nikaona fundi wangu yumo mle ndani. Nikaona nyumba imepauliwa. Niseme jina moja tu la mtu wa mbali, nifute machozi, basi.

Baba Glory akaniinamia, akaninong'oneza, "Si una shangazi alifariki kule Iramba?"

"Alifariki mwaka juzi!"

"Lakini si alifariki?"

Huyo ndiye mume niliyepewa na Mungu.

Nikamtazama Mama Gidamis bado anafuta macho. Moyo ukaniuma kwelikweli. Nikasimama, nikasema, "Shikamoo Mzee Safari. Shikamooni wazazi wangu. Hakuna aliyekufa."

Hata kuku aliacha kuparua.

Nikaeleza yote. Ukuta wa Nakwa, mawingu, hela ya fundi, na mimi kujifanya waziri. Nikaomba radhi, nikasema kila mtu achukue noti yake.

Mama Gidamis akasogea mbele. "Kwa hiyo hakuna maiti?"

"Hakuna, mama."

"Na hicho kichwa?"

"Nabana hela ya saluni."

"Na maziwa?"

"Nabana, mama."

"Na makochi?"

"Kunguni, mama."

Akanikazia macho. Nikajua sasa natukanwa. Mara akajifunika shuka usoni, mabega yakaanza kutikisika, akakaa chini kabisa. Anacheka! Uwanja mzima ukalipuka. Akina mama wanagaragara kwenye mkeka, Mzee Safari ameshika kiuno, anasema, "Yesu na Maria, Yesu na Maria." Mimi nacheka na kulia hapo hapo.

Walipotulia, Mama Gidamis akaninyooshea kidole. "Wewe mtoto, nimelia kutoka hapa mpaka sokoni na kurudi. Ungeniambia hela hakuna, ningekuletea maziwa ya kukopa. Mimi nimewahi kukunyima?"

Nikamshika mikono, nikamwomba radhi tena.

Noti zikarudi kwa wenyewe. Ila akina mama wakagoma kubeba unga na maharage. Wakasema chakula cha msibani hakirudi nyumbani, iwe kuna maiti au hakuna, kitapikwa na kitaliwa.

Yule baba wa duka akauliza, "Sasa mimi nimefunga duka, nimebeba sululu nikachimbe kaburi. Narudi nayo hivi hivi?"

Mzee Safari akageuka kutazama wanaume waliokaa chini ya turubai. Mmoja seremala, mwingine anapaua nyumba za watu huko Sigino, wengine wana nguvu zao tu. Akaniuliza, "Mama Glory, mbao ulisema ziko saiti?"

"Ziko, mzee."

"Na leo wote tulishaitoa siku yetu. Haya, inukeni tubebe bati."

Wakuu, msafara uliondoka Maisaka kwenda Nakwa, turubai, sufuria, kuni, bati kwenye guta la kuazima, na Mama Gidamis mbele na galoni lake la maziwa. Akina mama walipika kule kule kiwanjani. Jioni kenchi za paa zilikuwa zimesimama. Jumapili baada ya ibada wakarudi, wengine na mashati ya kanisani, wakapiga bati mpaka ya mwisho. Hakuna aliyepokea shilingi.

Mvua ilikuja wiki hiyo hiyo. Ilipiga mchana kutwa. Mimi nilikuwa ndani, chini ya bati langu, napapasa ukuta kwa kiganja. Mkavu.

Nilichojifunza: endeleeni kubana mkaa, bando, nyama na sabuni. Tenga la maharage bado natumia na sitaliacha. Ila waambieni watu mnabana. Aibu yangu ndiyo ilitaka kuninyima nyumba.

Maana watu wale niliokuwa nawapita mbio bila salamu, nikiogopa kikombe cha chai, ndio walioacha biashara zao siku ya Jumamosi wakaja na sululu, kumzika ndugu yangu ambaye hata jina lake hawakulijua.

Haya, uwanja ni wenu. Mnabana nini huko mliko? Na jirani yako anajua, au naye anachanga rambirambi kimya kimya?