Mume Wangu Fundi, Sharti Nimeliandika Mimi

Wasomaji wenzangu, salamu. Jina langu mhariri analo, na abaki nalo yeye. Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wanne, na ni mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu hapa pwani. Nyumbani ni Kibarani. Nimechoka, jamani, niacheni niseme.

Miaka yote nilikuwa nikisomesha Historia. Ulipoingia mfumo huu mpya wa elimu, nasi vyuoni tukaambiwa kila mwalimu atakayefuzu lazima ajue kazi za mikono. Wakufunzi wa ufundi hawakuwapo. Mkuu wa chuo akahesabu vipindi, akaona vyangu vimepungua, akanipa useremala. Mimi! Randa nilikuwa naiona kwa mume wangu tu.

Mume wangu ni fundi seremala, aliishia darasa la saba. Nilipoolewa naye ndugu zangu walinicheka hata nikakoma kwenda harusini kwao. Basi huyo ndiye aliyenisomesha. Kila alasiri, mwaka mzima, akirudi na vumbi lake la mbao ananionyesha namna ya kushika patasi, nikikosea anarudia, na hakunicheka hata siku moja. Alichonifunza Jumatatu nilikwenda kukisema darasani Jumanne. Hata vyombo vya mfano, kibao cha chapati, kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, alivitengeneza yeye. Wakaguzi walipokuja wakavigeuzageuza, wakanisifu. Nikanyamaza nikasifiwa.

Sifa hizo ndizo zilizoniponza. Niliitwa kwenye kamati ya kupanga ni nani afaaye kusomesha ufundi vyuoni nchi nzima. Siku tatu za makaratasi na chai iliyopoa. Siku ya mwisho mwenyekiti akanigeukia.

"Mama, fundi wa mtaani asiye na cheti, aweza kuwasomesha walimu?"

Nilihofu nikisema aweza, wataniuliza nimejuaje. Nikasema, "Hawezi." Wakaniomba sharti hilo niliandike mwenyewe. Nikaandika: awe na stashahada. Nikatia sahihi, nikarudi nyumbani, nikapika.

Sasa chuoni kwetu wanatafuta mkufunzi wa pili wa ufundi, na habari zimemfikia mume wangu. Mgongo unamsumbua siku hizi, mbao nzito hawezi tena kuzibeba, na hii ameiona kuwa ndiyo njia yake ya kutokea. Mtu ambaye hajapata kuniomba kitu. Alinunua karatasi mwenyewe, akaniwekea mezani pamoja na kalamu.

"Niandikie barua nzuri," akaniambia. "Kusomesha naweza, wewe si shahidi wangu?"

Nikamjibu nitaandika. Leo ni siku ya sita. Akirudi kazini ananawa mikono, anaitupia jicho ile karatasi, haulizi. Afadhali angeuliza.

Nikiiandika barua, namtuma akakataliwe kwa sharti langu mwenyewe. Nikienda kwa wakubwa kusema kweli, huenda kazi nikaikosa, na nyumba hii kwa sasa inakula kwa kazi yangu. Lakini nisiwadanganye, si kazi inayoninyima usingizi. Naona haya kwake yeye.

Nishaurini, nifanye nini? Nitamwambiaje mtu aliyenifundisha kazi kwamba niliulizwa, nami nikasema hawezi kufundisha?