Meza Tano za Mukandutiye

Mwanamke anayeanika sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pale Rubona hufundishwa jambo moja kabla ya yote: samaki hupangwa safu moja juu ya waya wa meza, wamegusana mabega, jua liwapate sawasawa na nafasi isipotee. Mukandutiye alifundishwa hivyo na mama mkwe wake miaka ishirini na sita iliyopita, na hakubadilisha. Shule hakuiona hata mlango, lakini mkono wake ulijua ndoo moja ya samaki inakula kipande gani cha meza.

Meza zake zilikuwa tano. Hizo ndizo zilizombakia alipofariki mumewe, Sebahire. Mitumbwi yake mitatu, ile inayofungwa pamoja kwa miti mirefu na kwenda ziwani kama kundi moja, ekipe, ilichukuliwa na shemeji yake Habimana kabla hata matanga hayajaisha. Alisema mwanamke hapandi mtumbwi wa sambaza, basi mitumbwi ya nini kwake? Wazee wa ukoo wakakubali kwa vichwa, wakanywa, wakaenda zao. Tangu hapo Mukandutiye alinunua samaki kutoka mitumbwi ambayo zamani aliiita yetu.

Sasa Habimana, mwenyekiti wa ushirika, alizitaka na meza.

Ziwa lilikuwa limefunguliwa wiki iliyotangulia, baada ya miezi miwili ya kuwaacha samaki wazaane. Siku kama hizo, zamani, meza tano hazikumtosha, akatandika na mikeka chini. Mwaka huu samaki wake walijaza meza moja, na ya pili nusu. Meza za wenzake zote zilionekana zimejaa. Habimana akaeneza habari kwamba shemeji yake anavusha samaki wabichi hadi Goma, ng’ambo ya mpaka, kwa siri, na kwamba meza zisizo na kazi watapewa wenye bidii.

Mukandutiye alijua meza za wenzake zinajazwa vipi. Samaki walipoanza kupungua, wanawake walianza kuwatawanya, mmoja hapa, mwingine kule, mpaka ukaona udongo kupitia waya. Hakuna aliyetaka kuambiwa meza yake imelala. Afisa wa uvuvi alikuja kila mwezi, akahesabu meza zilizojaa, akaandika. Kwa hiyo kitabuni ziwa lilikuwa lilelile. Nafasi kati ya samaki na samaki haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Asubuhi hiyo ya ukaguzi, Kaltumu, jirani yake wa meza, alimsogelea, akamwita kwa jina la mwanawe.

“Tawanya kidogo, Mama Régis. Ni vidole tu. Nani atapima?”

Mukandutiye akachota mikono miwili ya samaki, akawatawanya kwenye meza ya tatu, akawatazama. Walifanana na watu waliokuja kwenye mkutano usio na posho. Akawakusanya tena. Haukuwa uadilifu, ilikuwa hasira. Habimana alikwisha chukua mitumbwi. Kumsaidia kuficha yaliyolipata ziwa, hapana.

Habimana akafika na afisa mgeni, msichana aitwaye Ingabire.

“Bon, Mama Régis. Meza tatu iko bure. Samaki yako iko wapi?”

“Uulize mitumbwi, shemeji. Wewe ndiye uko nayo.”

Wanawake wakacheka chini chini. Ingabire hakucheka. Alimuuliza Mukandutiye ekipe zilikuwa ngapi alipoanza kazi. Saba, akajibu. Na sasa? Habimana akawahi kusema, kwa kujivuna, kwamba ni ishirini na tatu. Ingabire akapekua kitabu.

“Sufuria ni ileile,” Mukandutiye akamwambia. “Zamani watu saba walichota. Leo wanachota ishirini na tatu, na kila mutu anaona tu chini ya sufuria.”

Habimana akasema kitabu ni kitabu. Meza tatu angepewa Kaltumu, ambaye meza zake saba hazijawahi kulala.

Kaltumu akafuta mikono kwenye kitenge chake, polepole.

“Unipe meza tatu, Mwenyekiti, nizijaze na nini? Na mawe?”

Akainama, akaanza kukusanya samaki wake kwa viganja, akiwasogeza bega kwa bega. Kutoka meza saba wakaingia kwenye mbili. Mwanamke wa meza zilizofuata akamtazama, akafanya vilevile. Halafu mwingine. Kwa muda mrefu ilisikika sauti ya magamba makavu yakipita juu ya waya, basi.

Ingabire akakata alichokwisha andika, akaanza kuhesabu upya. Habimana akatafuta kwa macho mtu wa kumpa meza tatu, asimpate. Akashuka kwenye mitumbwi bila kuaga.

Meza tano zikabaki za Mukandutiye. Alitamani kufurahi. Akatazama waya mtupu, kutoka kwake hadi mwisho wa ufuko, na wanawake wote wamesimama kando yake wakiutazama pamoja naye.